Je, Wanis Aliusaliti Ukoo Wake?

Katika Al-Mummia, filamu ya Mmisri Shadi Abdel Salam ya mwaka 1969, tupo milimani karibu na Luxor, mwaka 1881. Wanis amemzika baba yake, kisha anaambiwa siri: ukoo wao huishi kwa kuuza mapambo ya mafarao waliozikwa humo. Kaka yake anakataa, anauawa. Wanis anawaendea maofisa wa mambo ya kale kutoka Cairo na kuwafichulia pango.

Wenzangu wanamwita msaliti: walio hai wana njaa, maiti hawana. Mimi sikubali, ukoo ulioua kijana wake kwa ajili ya siri hauna haki ya kudai uaminifu. Kinachonisumbua ni meli inayobeba majeneza alfajiri. Hakuna ofisa anayewauliza wanakijiji watakula nini.