Deni la Hasibu

Katika ngano za vijana wanaovuka kwenda ulimwengu mwingine, mara nyingi mgeni hurudi salama na mwenyeji ndiye anayelipa. Chukueni Hasibu na mfalme wa nyoka, ngano aliyoichapisha Edward Steere mwaka 1870. Hasibu, aliyetelekezwa na wenzake ndani ya shimo la asali, anachimba pale alipotokea nge, anaibukia kwa mfalme wa nyoka, anakirimiwa, kisha anaachiwa aende kwao kwa sharti moja: asikanyage hamamu. Akakanyaga, ikajulikana kuwa amemwona mfalme wa nyoka, na mfalme akauawa awe dawa ya sultani mgonjwa.

Watetezi wa Hasibu watasema alishurutishwa kuingia hamamuni, na kwamba ahadi ya mtu anayetamani kumwona mamake haina hiari. Nusu yake naikubali. Ila mfalme alijua kuwa kumwachia ni kujiua, akamwachia. Tena akiwa njiani kupikwa akamfundisha povu lipi la mchuzi wake asinywe, lile la kwanza, lenye sumu. Wengine wataona amesamehewa, basi yameisha. Msamaha umemwondolea Hasibu adhabu tu. Ukimsimulia mtoto jioni, muulize nyoka waliobaki kule chini wanamdai nani.