Hisabati Nyepesi ni ya Nani?

Mwaka 2025 Wakenya walibishana kama hisabati ibaki somo la lazima katika shule za upili za ngazi ya juu. Mpango wa awali wa mtaala wa umilisi haukumlazimu kila mwanafunzi. Kelele zilipozidi, Waziri wa Elimu Julius Ogamba alitangaza kwamba wote wataisoma, ila kwa aina mbili: nzito kwa mkondo wa sayansi na teknolojia, nyepesi kwa mkondo wa sayansi za jamii na ule wa sanaa na michezo. Gredi ya 10 ya kwanza ilianza Januari 2026.

Watu wakatulia. Mimi bado nauliza: nyepesi ya nini? Wanasema ya matumizi ya kila siku. Twende basi Longech, ule ulimi wa mchanga unaoikinga Ghuba ya Ferguson katika Ziwa Turkana. Mama anayechuuza ngege wakavu pale hujumlisha na kutoa kichwani kabla mteja hajatoa noti. Hesabu ya matumizi anayo, na wengi kama yeye hawakuipata darasani. Ikiwa shule haina la kumpa mwanawe zaidi ya hiyo, inampotezea wakati.

Ng'ambo ya ghuba, Kalokol, Norway ilijenga kiwanda cha kugandisha samaki, kikakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Waliokibuni walijua hesabu kuliko mimi na wewe. Lakini kugandisha samaki katika jua la Turkana kuligharimu kuliko samaki wenyewe, na mitambo ikazimwa baada ya siku chache. Miaka michache baadaye ghuba nayo ikakauka. Ziwa hili halina mto unaotoka; hupanda na kushuka kadiri mto Omo unavyoleta maji, na miaka ya karibuni limepanda tena hadi kufukuza watu ufukweni. Sidhani kuna aliyekosea kujumlisha. Kosa lilikuwa katika yale yaliyokubaliwa kabla ya namba ya kwanza kuandikwa.

Huko huko Kalokol zimesimama nguzo 19 za mawe. Mwaka 1978 watafiti Lynch na Robbins waliandika kwamba zimepangwa kufuata nyota, kalenda ya watu wa kale. Mwaka 1982 Robert Soper akaeleza kwamba mawe yale yana usumaku unaoweza kuipotosha dira iliyotumika kupimia mpangilio huo. Hakuhitaji hesabu ngumu kuliko ya wenzake, alikikagua kipimo. Utaniambia hiyo ni fizikia. Sawa, lakini tabia ya kukagua kipimo hufunzwa wapi mapema kuliko kwenye jiometri?

Mtoto hukaririshwa kwamba pembe za pembetatu hufika nyuzi 180. Mwambie achore mistari miwili kutoka Ncha ya Kaskazini, mmoja ushuke hadi ikweta pale Maseno, mwingine Nanyuki. Kila mmoja unaikata ikweta kwa pembe mraba; hizo mbili peke yake zimeshatimiza 180, na ya tatu ingali kule juu. Kanuni haikudanganya. Ilikuwa na sharti, kwamba uso uwe bapa, na hakuna aliyemtajia. Kulitaja sharti ndiyo hisabati. Mengine simu inayafanya.

Kwa hiyo mgawanyo huu naona umepinduliwa. Mwanasayansi atakutana na masharti hayo kazini, apende asipende. Atakayesomea siasa au muziki ndiye atakayeketi barazani Kalokol au katika bunge la kaunti Lodwar, aletewe mradi mwingine wenye majedwali maridadi, na asiwe na mtu wa kumsaidia kuuliza wameyachukulia maji kuwa yatakaa wapi. Kumpa huyo asilimia na bei, ukamnyima uthibitisho, ule unaodai kila sharti litajwe, ni kumfundisha kutii namba.

Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, kama lazima mpunguze, punguzeni mazoezi ya kukokotoa. Uthibitisho uacheni, hasa kwa wale mliowapa nyepesi.