Miezi 6 ya Ziwa Tu

Mjukuu wangu, ukishajifungua salama, kabla hata simu za pongezi hazijaanza, mwombe mkunga akuwekee mtoto kifuani anyonye ndani ya saa moja ya kwanza. Kitakachotoka ni dang'a, ule umanjano mzito unaonata vidoleni. Zamani wapo waliokuwa wakiikamua na kuimwaga, eti maziwa machafu. Usithubutu! Ni kidogo, lakini tumbo la kichanga nalo ni dogo, na humo ndimo ilimo kinga yake ya mwanzo dhidi ya maradhi.

Kisha watakuja wenye maneno. Mtoto analia, maziwa hayamtoshi, mpe maji, mkorogee uji mwepesi, joto hili litamkausha. Wasikilize kwa adabu, ila usiwafuate. Maziwa ya mama karibu asilimia 88 ni maji. Hata jua likiwaka yanamkata kiu. Kijiko cha maji yasiyo salama chaweza kumharisha, na akishiba maji hanyonyi. Asiponyonya, maziwa yanapungua kweli, maana ziwa hutengeneza kwa kadiri linavyonyonywa. Hapo ndipo wengi hupotezwa. Mpe ziwa tu mpaka miezi 6, labda dawa aliyoandikiwa kliniki. Hatakosa kuugua kabisa, lakini kuhara, nimonia na maumivu ya masikio havitamwandama kama mwenzake wa chupa.

Ukitaka kujua kama anashiba, usihesabu vilio, hesabu nepi: akitimiza wiki, zilowe 6 au zaidi usiku na mchana. Chuchu zikiuma, tazama anavyoshika. Kinywa kipanuke, kichukue na sehemu kubwa ya weusi, kidevu kiguse ziwa. Akishika ncha tu, penyeza kidole pembeni mwa mdomo wake, mtoe, mwanze upya.

Na yule shoga yako anayetumia dawa za VVU asikatishwe tamaa. Akizimeza bila kuruka, na mtoto akapewa zake, ananyonyesha vizuri tu. Afuate maelekezo ya kliniki.

Likizo ya uzazi kwetu Tanzania ni siku 84, haifiki hiyo miezi 6. Ila sheria ya ajira ya mwaka 2004 inakuruhusu kunyonyesha ndani ya muda wa kazi, hadi jumla ya saa 2 kwa siku. Mwandikie bosi barua mapema.

Mama mkwe akija na kikombe chake cha maji, mpokee kwa mikono miwili, mwambie asante mama, kisha unywe wewe. Anayenyonyesha huwa na kiu kweli.