Mbwa Mbaya au Mbwa Mwoga?

Kwa mjomba wangu Sindeni, wilayani Handeni, yupo mbwa anayeitwa Simba. Mchana hufungwa kamba chini ya mwembe. Usiku hufunguliwa alinde mahindi yasiliwe na nguruwe pori. Ila jina na tabia haviendani. Radi ikipiga tu, Simba hutetemeka, hufukua ardhi, huhema kama aliyekuja mbio kutoka Korogwe. Masika yaliyopita alikata kamba, akajificha jikoni nyuma ya kuni. Mjomba akamfuata na fimbo, akamshika shingoni amtoe. Simba akamng'ata mkono.

Jioni hukumu ikatoka barazani: "Huyu mbwa mbaya. Auawe tu."

Neno "mbaya" ndilo lililoninyima usingizi. Hivi mnyama anaweza kuwa mbaya? Mbaya ni yule aliyekuwa na njia nyingine akaiacha. Mwenye hofu hukimbia, au hupigana. Kamba ilimnyima Simba kukimbia, na kona ya jiko ikammalizia. Tulimwachia meno, kisha tukamlaumu kwa kuyatumia. Na dalili alizitoa mapema: mkia katikati ya miguu, masikio yamelala nyuma, analamba midomo wala hakuna chakula. Sisi hatukumsoma.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inataka mnyama aepushwe na hofu na dhiki. Lakini hata bila sheria, mjomba anaijua hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani kumtekea maji mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake. Kwetu mate ya mbwa ni najisi, na ndani haingii. Sawa. Ila unajisi wa mate haukumwondolea yule mbwa kiu, wala huyu wetu haumwondolei hofu.

Mjomba alinisikiliza, kisha akanyanyua mkono wenye bandeji. "Mpwa wangu, akimng'ata mtoto wa jirani, utakwenda kumweleza mama yake hayo?"

Nikanyamaza. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona, na mbwa aliyebadilika ghafla si wa kubembelezwa. Ndiyo maana jeraha lilikuwa limeoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, mjomba akachomwa chanjo hospitali, na bwana mifugo akaagiza Simba afungiwe na kuangaliwa siku 10. Huruma kwa mbwa isiyomjali mtoto wa jirani bado haijawa huruma.

Siku 10 zikaisha, Simba mzima. Nikamsimulia mjomba habari za APOPO, pale Morogoro, wanaowazoesha panya buku sauti na mikono ya watu tangu wadogo, na kuwatuza ndizi wakipatia. Mmoja wao, Magawa, alitegua kitendawili cha mabomu ya ardhini huko Kambodia, na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza. Mjomba akacheka sana. "Panya?"

Lakini siku hizi mawingu yakikusanyika, Simba huingizwa kwenye banda la mbao lenye giza, na watoto wamekatazwa kulisogelea. Juzi nilimpigia mjomba simu, nikauliza kama mbwa amepona woga.

"Woga wake uko palepale," akasema. "Fimbo ndiyo nimeiweka."