MENO YA WATOTO WETU NI AMANA

Bismillahi Rahmani Rahimi. Sifa zote ni za Allah, rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad.



Abu Huraira (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.), lau asingeogopa kuutaabisha umma wake, angeuamuru kupiga mswaki kwa kila swala. Mtoto wa miaka 2 hawezi kujipigia. Ni nani atampigia isipokuwa mzazi wake?

Wengine husema: ni meno ya maziwa, yataanguka tu. Tuangalie vizuri. Magego ya maziwa hukaa hadi karibu miaka 10 au 12. Yakioza mapema, mtoto hali vizuri, usiku analia. Na gego la kwanza la ukubwani huota kwenye miaka 6, nyuma ya yale ya maziwa. Wazazi hudhani nalo ni la maziwa, wakaliacha lioze. Likitoka halirudi tena.

Basi, jino la kwanza likiota, lisafisheni kwa mswaki laini asubuhi na kabla ya kulala. Dawa ya meno yenye floridi iwe kama punje ya mchele, mpaka miaka 3. Msimlaze mtoto na biberoni ya chai ya sukari mdomoni. Mkiona doa jeusi, mpelekeni kituo cha afya kabla halijauma.

Baba, usimwachie mama peke yake. Kila mchungaji ataulizwa juu ya kundi lake.

Allah atuwafikishe. Amin.