Barua Pepe na Amana ya Muda

Anayejibu kila barua pepe dakika ileile inapoingia husifiwa ofisini kuwa mchapakazi. Nadhani sifa hiyo mara nyingi hupewa asiyeistahili, na kwamba saa ya kufungua barua ni suala la maadili kabla ya kuwa la ufanisi. Mwajiri hakulipi kwa kukaa kitini. Anakulipa kwa umakini wako, na umakini huo ni amana kama zilivyo fedha za ofisi. Mhasibu anayechota kwenye kasha na kumpa kila abishaye hodi hatumwiti mkarimu. Seneca, mwanafalsafa wa Roma wa karne ya kwanza, aliandika risala nzima kuhusu ufupi wa maisha, na humo aliwashangaa watu wanaoifumbata mali yao huku wakigawa muda ovyo, kitu pekee ambacho uchoyo juu yake ungekuwa wa heshima.

Mtazame karani wa ununuzi anayelinganisha bei za zabuni tatu. Kwenye kona ya skrini unachomoza ujumbe: “Haraka tafadhali.” Anaufungua. Mwenzake anaomba namba ya simu ambayo alishatumiwa wiki iliyopita. Anajibu kwa adabu, anarudi kwenye jedwali, na analazimika kuanza tena safu ya kwanza, kwa kuwa hesabu aliyokuwa nayo kichwani imeyeyuka. Hakuna aliyemdhulumu kwa makusudi, ila kazi imedhulumiwa. Mwaka 2015 Kostadin Kushlev na Elizabeth Dunn, watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada, walichapisha matokeo ya jaribio lao kwa watu wazima 124. Wiki moja washiriki waliombwa kufungua barua pepe mara tatu tu kwa siku, wiki nyingine kadiri walivyotaka. Katika wiki ya mara tatu msongo wao wa mawazo ulipungua. Utafiti mmoja haufungi mjadala, lakini unaonyesha kwamba mzigo hauko katika barua peke yake. Uko pia katika kuzichungulia kila mara.

Mtu wa dini anaweza kunipinga: mbona adhana nayo hukatiza kazi? Surat al-Jumu'a inawaamuru waumini waache biashara wanapoitwa kwenye swala ya Ijumaa, na Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 43, inamtaka mtawa aliyesikia wito wa sala aache chochote alichoshika. Pingamizi hili lina uzito, na kwangu ndilo linaloeleza jambo vizuri zaidi. Adhana ina wakati wake. Adhuhuri haiji saa tatu asubuhi. Inawaita wote pamoja, tajiri na kibarua wake, kisha inawaachia: Surat al-Jumu'a hiyohiyo inawaambia watawanyike wakatafute riziki. Mwenye duka hufunga mlango akijua lini ataufungua. Barua pepe haina wakati, humwita mmoja mmoja, na jibu lake huzaa barua nyingine. Zaidi ya hayo, adhana humkumbusha mtu kuwa kazi si mola wake. Mlio wa simu mezani humfundisha kinyume chake.

Wengine watasema kumchelewesha mwenzako ni kumvunjia heshima. Sikubali. Jibu la nusu akili, lililoandikwa huku jicho moja likiwa kwenye jedwali, halimheshimu yeyote.

Pingamizi gumu ni la mnyonge: karani hana ubavu wa kumwambia bosi asubiri mpaka saa sita. Hilo ni kweli, na ndiyo maana mzigo wa kwanza siwezi kumtwika yeye. Ufaransa ililiona hilo; tangu Januari 1, 2017, sheria yake inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zijadiliane nao kuhusu haki ya kutopatikana baada ya kazi. Nchini Kenya, Seneta Samson Cherargei alipeleka Seneti muswada wenye nia hiyohiyo mwaka 2022. Lakini hakuna mkuu wa idara anayehitaji kusubiri bunge. Tangaza saa za kujibu barua, uzifuate wewe kwanza. Ukikumbuka jambo saa nne usiku, liandike, kisha lipange litoke asubuhi. Na likiwa la dharura kweli, piga simu.