Uji wa Shule na Deni la Mzazi



Liko swali moja ambalo limenisumbua tangu mwaka juzi, nami naliweka mbele yenu bila kuficha kitu. Je, ni haki mtoto anyimwe uji shuleni kwa sababu mzazi wake hakuleta mahindi?

Swali hili si dogo kama linavyosikika. Tangu Januari 2016 elimu katika shule za msingi za Serikali Tanzania hutolewa bila malipo, kufuatana na Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015. Hilo ni jambo la kushukuru. Wapo watoto wengi vijijini ambao wasingalikanyaga darasani kama ada ingalibaki. Lakini tusijidanganye: kitu kikiwa bure kwa mmoja, yupo mwingine aliyekilipia.

Hebu tufanye hesabu pamoja. Mpango huo ulipoanza, ruzuku ilikuwa shilingi 10,000 kwa kila mtoto kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 zilibaki kwa ajili ya vitabu, na 6,000 zikapelekwa shuleni. Basi shule ya watoto 400 ilipata shilingi 200,000 kwa mwezi, yaani shilingi 500 kwa kila mtoto. Kwa fedha hizo mwalimu mkuu anunue chaki, atoe karatasi za mitihani, atengeneze mlango wa choo na madawati yaliyovunjika. Upepo ukiezua mabati mawili, mipango ya mwezi imekwisha. Chakula cha mwanafunzi wa kutwa hakimo kabisa. Hicho kiliachwa mikononi mwa mzazi.

Kwa hiyo vijiji hujitahidi kama vilivyojitahidi siku zote. Tangu siku za Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, tumezoea shamba la shule. Wazazi husomba mawe na mchanga, hujenga boma la darasa, kisha hungojea Serikali iezeke. Na wako waalimu wanaonunua chaki kwa mshahara wao wenyewe, wala hawamwambii mtu.

Mimi ni mwalimu mstaafu, na wakati huo nilikuwa mjumbe wa kamati ya shule moja ya kijijini. Tulikubaliana kila mzazi alete debe moja la mahindi ili watoto wapate uji saa nne. Mchango huo ulikuwa wa hiari, lakini kwa jina tu. Ilipofika siku ya kuhesabu, karibu nusu ya wazazi hawakuleta kitu. Mkutanoni mzee mmoja akasimama akasema, “Asiyechanga, mtoto wake asinywe.” Watu wakapiga makofi. Mimi nami nilinyosha mkono kukubali.

Wiki ya pili nilipita shuleni wakati wa uji. Watoto walikuwa wamepanga mstari na vikombe vyao. Nyuma ya mwembe niliwaona wasichana wawili wa darasa la pili. Mmoja alikuwa akimmiminia mwenzake nusu ya uji wake, huku akitazama huku na huku kama mwizi. Waliponiona wakaficha kikombe.

Ndugu zangu, nilirudi nyumbani nimeinama. Miaka thelathini na zaidi nilikuwa nimefundisha watoto kugawana. Sasa kwa mkono wangu mwenyewe nilikuwa nimewafundisha kwamba kumgawia mwenye njaa ni kosa la kufichwa.

Mtu atasema, labda baba wa mtoto yule ni maskini, kwa hiyo tumhurumie. Hapana. Baba yake ana ng’ombe, na fedha zake huonekana kilabuni. Ndiyo maana swali hili ni gumu. Mzee aliyesema mkutanoni hakusema upuuzi. Mjane aliyepunguza chakula cha nyumbani ili atimize debe lake ana haki ya kukasirika akimwona mwenye ng’ombe akila kwa jasho lake. Tena kuna hatari ya kweli: wote wakinywa bila kuulizwa, mwakani atachanga nani?

Lakini naona tulikosea mahali pamoja. Deni lilikuwa la mtu mzima, nasi tukaenda kulidai kwenye tumbo la mtoto, kwa kuwa mtoto ni rahisi kumdai. Hawezi kujibu mkutanoni. Kumkabili baba yake kunataka ujasiri, kwa maana ni jirani yetu, na kesho tutamhitaji msibani. Tuliita uamuzi wetu haki, kumbe kwa sehemu kubwa ulikuwa woga. Mambo ya namna hii hayakuanza kwetu. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango mashuleni, baada ya malalamiko kwamba watoto wanarudishwa nyumbani kwa ajili ya madeni ya wazazi.

Nililirudisha jambo hili kwenye kamati. Tulibishana mpaka jioni. Mwishowe tukakata shauri hivi: watoto wote wanywe. Mzazi asiyeleta mahindi aitwe yeye mwenyewe mbele ya wazazi wenzake. Asiyekuwa nacho apasue kuni au asombe maji. Mwenye nacho aeleze kwa kinywa chake kwa nini haleti. Na asiyeweza lolote, kwa ugonjwa au uzee, asiitwe. Jirani zake wamchukulie kimya kimya.

Sisemi kwamba tumefaulu. Yule mwenye ng’ombe alileta nusu debe. Mahindi yalikwisha kabla ya muhula kwisha, na uji ukawa mwepesi mno. Tena kuchanga kwetu hakuiondolei Serikali wajibu wake. Yatupasa kuendelea kuikumbusha kwamba shilingi 500 haziendeshi shule. Lakini uji ule mwepesi ulinywewa na wote, mchana kweupe, wala hakuna mtoto aliyejificha nyuma ya mwembe.